DNA bila rangi: kipimo kizuri, lakini maji je?

Muuza matikiti wa sokoni Mwanga, hapa Kigoma, hakati tikiti ili ajue kama limeiva. Analigonga kwa kidole, anasikiliza, kisha anakukabidhi au analirudisha kwenye fungu. Kupima DNA kwa mawimbi ya sumakuumeme ni ujanja wa aina hiyo.

Vipimo vingi vya DNA vya leo hutumia rangi inayong'aa: DNA inayotafutwa ikiwepo, mashine inaona mwanga. Hiki kingine hakina rangi. Nyuzi fupi za DNA hubandikwa juu ya saketi ndogo ya umeme yenye masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Uzi mwenza ukija ukashikamana nazo, masafa yanahama kidogo. Mwaka 2000 watafiti wa Ujerumani walionyesha kuwa mawimbi ya terahezi (yenye masafa ya juu kuliko maikrowevu) yanatofautisha DNA iliyoungana na isiyoungana, bila kuitia chochote.

Kwa zahanati ya mwambao inayofikiwa kwa boti, kupunguza vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vya kutunza kwenye jokofu si jambo dogo. Tena kuna malaria: kipimo cha haraka kwa kawaida hutafuta HRP2, protini ya vimelea vya malaria, na vimelea vilivyopoteza jeni yake vinaweza kupita bila kuonekana. Kwa kupima DNA bado vitakamatwa.

Shida ni maji. Damu ni maji, mkojo ni maji, na maji huyameza mawimbi ya terahezi. Ndiyo maana sampuli za Wajerumani wale zilikaushwa kwanza. Ukishuka kwenye mawimbi ya maikrowevu unapata nafuu, ila joto la chumba likipanda kidogo tu masafa nayo yanahama. Protini yoyote ikinata, vivyo hivyo. Tikiti lenye tope nalo hulia tofauti.

Na tusidanganyane, rangi si mzigo mkubwa kuliko yote. Kazi ni kuitoa DNA kwenye damu, kisha kuizalisha nakala, maana vimelea vikiwa vichache hakuna cha kugonga. PCR, njia ya kawaida ya kuzalisha nakala, hupandisha joto hadi nyuzijoto 95 hivi na kulishusha, mara kadhaa wa kadhaa. LAMP, njia nyingine ya kuzalisha nakala, hutosheka na joto moja, kati ya nyuzijoto 60 na 65. Hapo ndipo ningeiweka saketi hii: isome matokeo ya LAMP, isijidai kufanya yote.

Lakini mpaka ijaribiwe kwa damu mbichi, mchana wa Septemba, chumba hakina kiyoyozi, mimi bado niko upande wa rangi.