Kalibu yangu ina umbo la nkejje

Kila ninaposhuka mwalo wa Masese, hapa Jinja, na fimbo yangu ya kuvulia, hakosi mtu wa kuniuliza kwa nini najisumbua kumimina vyambo vya plastiki nyumbani, ilhali Kampala vinauzwa vikiwa tayari kwenye pakiti. Wengi wanadhani nabana matumizi. Sivyo. Ukihesabu plastisoli ya kuagiza (plastiki ya PVC ikiwa bado majimaji), rangi, mkaa na siku zilizopotea, sijaokoa shilingi nyingi. Namimina kwa sababu vile vya pakiti havifanani na chakula cha samaki wetu. Mvuvi wa fimbo wa Uganda asiye na kalibu yake, yaani umbo la kumiminia chambo, ataendelea kuvua Nalubaale, Ziwa Viktoria letu, kana kwamba ni ziwa la Marekani.

Vyambo hivi asili yake ni mji wa Akron, jimbo la Ohio. Huko mwaka 1926 mkemia Waldo Semon alipata njia ya kulainisha plastiki hiyo ya PVC, na mwaka 1949, katika mji huohuo, Nick Creme na mkewe Cosma wakaanza kumimina mnyoo wa plastiki nyumbani kwao. Walimtazama mnyoo wa ardhini ambao wavuvi wa kwao tayari walikuwa wakimtumia, wakamwiga. Nawaheshimu sana kwa hilo. Kosa ni letu sisi tulioupokea mnyoo na kuiacha njia yao ya kuiga chakula cha samaki wa kwao.

Sangara, ambaye hapa tunamwita mputa, anakula nkejje, wale samaki wadogo wa ziwani, mukene (dagaa), uduvi, na hata watoto wake mwenyewe. Hao nkejje karibu awamalize miaka ya 1980, na sehemu nyingine za ziwa wamerudi. Waulize wazee wa mwaloni wanaotega ndoano nyingi kwa mshipi mmoja mrefu: wanavisha nkejje au kambare wadogo wakiwa hai. Sijamwona hata mmoja anayevisha mnyoo kumtafuta mputa.

Kwa hiyo mfano wangu wa kwanza ulikuwa nkejje. Niliuchonga kwa kipande cha sabuni ya kufulia, nimekaa kibarazani kwetu Walukuba, nkejje halisi yuko kwenye sahani mbele yangu. Sabuni inakubali kisu, na plasta haiing'ang'anii. Unakoroga plasta hadi iwe kama uji mzito, unalaza mfano, unasubiri. Kuganda hakuchukui hata saa moja. Kukauka ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo nilipoungua. Kalibu ilikuwa na siku mbili tu, tena msimu wa mvua. Nilipoigusa ilikuwa ya baridi, nami sikujua kwamba ubaridi ule ni maji yaliyomo ndani. Plastiki ya moto ilipoingia, maji yakageuka mvuke papo hapo, plastiki ikaruka na kuninasa mkononi. Plastiki moto haitiririki ikaondoka kama maji. Inashika ngozi na kuendelea kuunguza. Kovu ninalo. Tangu siku ile kalibu naianika juani wiki nzima, kisha naipaka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, tabaka juu ya tabaka, kila moja likauke kabla ya jingine.

Kazi kubwa iko mkiani. Maji ya Ghuba ya Napoleon, hapa kwetu Jinja, ni ya kijani kwa mwani, na mputa anawinda vizuri hata mwanga ukiwa hafifu. Mara nyingi anakisikia chambo kwa mstari wa hisi ulio ubavuni mwake kabla hajakiona. Ndiyo maana rangi, ambayo watu wanaibishania kutwa nzima, mimi naiweka nyuma. Shingo ya mkia iwe nyembamba, kama njiti mbili za kiberiti zilizolazwa pamoja, na ncha yake iwe kama kisahani, ili chambo kikivutwa polepole mkia upige huku na huku. Shingo ikizidi unene, mkia unakaa kimya kama kijiti. Ikizidi wembamba, samaki wa kwanza anaondoka nao. Nilichonga mara nne kabla ya kupata mkia unaopiga kwa mwendo wa taratibu ninaoutaka. Halafu ukitoa chambo kwenye kalibu kilaze kimenyooka, kwa maana kikipoa kimepinda kitabaki hivyo na kitazunguka majini.

Meno ya mputa ni madogo, kama msasa, kwa hiyo chambo laini kinavumilia samaki kadhaa. Ukienda Panyimur kwenye Ziwa Albert ni habari nyingine. Ngassa, samaki wa huko mwenye meno makali, anaukata mkia kama mkasi, na huko mimi natumia chambo cha chuma.

Kuna jambo linaloniumiza. Vijana wawili wa mtaani kwetu, walipoona vyambo vyangu, walianza kuyeyusha malapa ya zamani kwenye sigiri, ndani ya chumba wanacholala wadogo zao. Nilikwenda jioni ileile. Hakuna anayejua lapa lile limetiwa nini kiwandani, na PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu wa macho na mapafu inakuwa asidi. Plastisoli yenyewe huanza nyeupe kama maziwa. Ukiipasha inakuwa nzito na yenye mabonge, kisha ikikaribia nyuzi 175 inalainika na kung'aa, na hapo ndipo unapomimina. Ikigeuka manjano inaungua, iondoe motoni na usogee mbali na moshi wake. Mkaa haupunguziki kwa kuzungusha kitufe, kwa hiyo sufuria yangu naiketisha kwenye karai la mchanga ili joto lipande taratibu. Nafanya kazi hii nje, upepo ukiwa mgongoni. Asiye na kipimajoto asianze, na sufuria iliyopika plastiki isirudi jikoni hata ikioshwa mara saba. Wale vijana sasa wanakuja kwangu Jumamosi, na mmoja wao ana mkono mzuri wa kuchonga kuliko mimi.

Plasta ina udhaifu wake: ukimimina mara kadhaa kingo zinaanza kumeguka. Kalibu ya kudumu ni ya alumini, na sioni sababu ya kuiagiza ng'ambo wakati Katwe ya Kampala ipo. Mafundi wa pale wanayeyusha pistoni na masufuria makuukuu, wanamimina sufuria mpya kwenye mchanga kila siku ya Mungu. Nilimpelekea mmoja nkejje wangu wa sabuni. Akamgeuza geuza, akaniuliza nataka kalibu ngapi. Nikasema moja. Akanirudishia kwa upole, kwamba kwa kalibu moja hawezi kuwasha tanuri, lakini kwa kumi tunaongea. Basi nawaomba wenzangu wa fimbo, wa Jinja na wa Entebbe, tuwe watu kumi. Kila mtu alete mfano wake kama hapendi wangu.

Vyambo vilivyochanika msivitupe ziwani. Plastiki hii haiozi, na samaki akiimeza inakaa tumboni mwake. Mimi navirudisha nyumbani kwenye kopo la bati, maana boksi gumu la plastiki linaweza kulainika na kushikana navyo, kisha naviyeyusha upya vyote kwa pamoja. Rangi zinachanganyika na kuwa kahawia kama tope. Nilidhani itakuwa hasara. Kumbe nkejje mwenye wekundu na buluu ni dume peke yake. Jike wake ana rangi hiyohiyo ya tope.