Maharage yamekosea wapi?

Shangazi yangu alitoka duka la dawa hapa Kampala na kopo la inulini, unga mweupe kutoka Ulaya ambao bei yake ingelisha nyumba nzima maharage kwa muda mrefu. Muuzaji alimwambia unga huo unalisha bakteria wazuri wa tumboni. Sawa, hapo hakudanganya. Kilichonichoma ni ushauri aliomwongezea bure: aache maharage, yanamjaza gesi.

Yaani mtu ananyang'anywa chakula cha bakteria kwa mkono mmoja na kuuziwa chakula cha bakteria kwa mkono wa pili, na stakabadhi anapewa.

Maharage yana sukari zinazoitwa rafinosi na stakiosi. Utumbo mwembamba wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, uwe wa tajiri wa Kololo au wa maskini wa Katwe, kwa hiyo zinateremka nzima hadi utumbo mpana. Huko bakteria wanazingoja, wale wazuri waitwao bifidobakteria wakiwa mstari wa mbele. Wanazichachusha na kutoa asidi kama asetati, propionati na butirati. Butirati ndiyo nishati kuu ya seli za ukuta wa utumbo mpana, na asidi hizo kwa pamoja huufanya utumbo uwe mahali pagumu kwa vijidudu vingi vya maradhi. Katika kazi hiyo hiyo hutoka gesi. Na inulini je? Nayo haimeng'enywi, nayo huchachushwa, nayo hutoa gesi! Mwache muuzaji anywe vijiko vyake viwili vya kushiba usiku, asubuhi apande taksi ya Ntinda iliyojaa, madirisha yamefungwa kwa mvua. Kisha tuzungumze.

Tena inulini imo kwenye kitunguu na kitunguu saumu, vitu ambavyo shangazi anavikaanga kila jioni ya Mungu.

Mimi nadhani shida yetu si gesi. Shida ni shule. Ukilelewa bwenini kwa posho, yaani ugali, na maharage, mchana posho na maharage, usiku posho na maharage, maharage yenyewe yana wadudu wanaoelea, unaapa kwamba siku utakapopata mshahara hutayagusa tena. Ukipata kazi unahamia chipsi na kuku, soda pembeni, na mgeni akija nyumbani ukimwekea maharage unaona umejivunjia heshima. Halafu tumbo likigoma unakwenda kununua kwenye kopo kile kile ulichokikimbia kwenye sahani, kwa sababu kwenye kopo kina lebo na hakinuki umaskini.

Na aibu zaidi, dunia ilijifunza sehemu ya somo hili kwetu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago hapa Kampala aliyeeleza mwaka 1958 ile saratani inayobeba jina lake, pamoja na Hugh Trowell aliyefanya kazi papa hapa, ndio waliokuja kuwapigia kelele Waingereza wenzao kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaa hospitali zao, huku kwetu waliyaona kwa nadra, na kwamba tofauti ni nyuzinyuzi za chakula. Burkitt alifika hadi kupima uzito wa choo cha wanakijiji. (Fikiria mtu anakubishia hodi kwa kazi hiyo.) Si kila alichosema kimesimama, nakiri. Lakini mwaka 2015 watafiti walibadilishana vyakula: Wamarekani weusi 20 wakala cha vijijini Afrika Kusini, na wanavijiji 20 wakala cha Kimarekani, kwa wiki mbili tu. Butirati ya Wamarekani ilipanda mara mbili na nusu. Ya wanavijiji ilishuka kwa nusu. Wiki mbili!

Makopo ya maziwa ya watoto yanayojisifu kwa sukari za kulisha bakteria yanaiga titi la mama, lenye aina zaidi ya 150 za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kumeng'enya. Ni za bakteria wake. Mama asiyeweza kunyonyesha simlaumu, ila tangazo namna ile linanikera.

Basi, nikubali na hili, ingawa kwa shingo upande: inulini ya kopo huongeza bifidobakteria kweli, na kuna watu wenye utumbo mwepesi kukasirika ambao maharage na vitunguu huwatesa kabisa. Hao wamwone daktari, si mimi. Wengine wote, lowekeni maharage usiku kucha, mwage maji yale, mpike kwa maji mapya; sehemu ya sukari hizo itaondoka nayo na nyingine itabaki ya kutosha. Anza na kidogo, ukila mara kwa mara kwa wiki kadhaa wengi huona gesi inapungua. Wa nyumbani kwako wakilalamika kabla ya hapo, fungua dirisha.