D39.1: haijulikani au haijajulikana?

Kazi yangu ni kodi. Si kodi ya nyumba wala ya TRA, ingawa shangazi yangu wa Tandika mpaka leo anaamini nakusanya mapato ya serikali ndani ya hospitali. Kodi zangu ni zile herufi na tarakimu zinazoandikwa kwenye fomu ya bima kando ya jina la ugonjwa. Vitabu vinaziita misimbo, nami nitaziita hivyo humu tusije tukachanganyana. Nakaa nyuma ya dirisha la bima kwenye hospitali moja ya hapa Dar es Salaam, nageuza mwandiko wa madaktari kuwa misimbo ili tulipwe.

Siku nyingi ni I10 ya presha, E11 ya kisukari, B54 ya malaria, kisha nyumbani. Hizo naziandika huku naongea na simu. Inayonifanya niweke kalamu chini ni D39.1.

Jumatatu moja, siku ambayo foleni yetu hufika kwenye ngazi, alikuja mama mmoja na nakala yake ya fomu imekunjwa mara nne ndani ya khanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii D ni ya nini?"

Kijana wake alikuwa ameiingiza kwenye simu, simu ikaleta maneno ya Kizungu, naye akamtafsiria: uvimbe wa ovari wenye tabia isiyojulikana. Mama akaniuliza, uvimbe nao una tabia? Tena isiyojulikana, kama mkwe? Nilicheka, naye akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Usiku mzima alikuwa hajalala.

Nikafungua faili. Mama yule alikuwa amepigwa ultrasaundi, basi. Hajafanyiwa upasuaji, hajachukuliwa kinyama cha kupimwa, hakuna jicho lolote lililoangalia chembe za uvimbe ule kwa hadubini. Daktari alikuwa ameandika "uvimbe kwenye ovari" na alama ya kuuliza mbele yake. Mwenzangu wa zamu akaiona ile alama ya kuuliza, akafungua kitabu, akakuta D39.1.

Wiki hiyohiyo nilikuwa na faili la dada mwingine, hata miaka thelathini hajafika. Yeye alishafanyiwa operesheni, ovari moja ikatolewa, ikaenda maabara ndani ya fomalini, dawa ya kuhifadhia, na jibu likarudi limeandikwa kwa kirefu: uvimbe wa mpakani, kati ya usio na madhara na saratani, ule ambao madaktari wetu wanauita bodalaini. Msimbo wake? D39.1.

Wanawake wawili, msimbo mmoja. Mmoja ameangaliwa na mtaalamu wa patholojia kwa makini, akaambiwa uvimbe wake uko katikati. Mwingine hajaangaliwa na mtu.

Nataka nimtetee mwenzangu, kwa sababu kosa si lake. Kitabu tunachotumia, ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, kilichopitishwa mwaka 1990, kimeweka fungu moja, D37 hadi D48, kwa uvimbe wenye tabia isiyo na uhakika au isiyojulikana. Hilo "au" ndilo ugomvi wangu. Limekusanya chini ya paa moja uvimbe uliopimwa ukashindikana kuwekwa upande wowote, na uvimbe ambao bado uko tumboni mwa mwenyewe. Wamarekani walipotengeneza toleo lao la ICD-10 waliliona hilo, wakatenganisha: D39.1 yao, ambayo hata inasema ni ovari ya kulia au ya kushoto, ni kwa ule uliopimwa tu, na ambao haujabainishwa wakaupeleka D49. ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022, nayo imeyagawa mafungu mawili. Sisi tulio bado na vitabu vya zamani mezani ndio tunaobeba "au".

Kinachonichekesha, kwa uchungu, ni kwamba Kiswahili kingemaliza shauri hili kwa silabi moja. Tabia ya uvimbe wa yule dada haijulikani: wamepima, wamekaa, wametazama, hawawezi kusema. Tabia ya uvimbe wa mama haijajulikana. Mtoto wa darasa la tatu pale Temeke anajua tofauti ya hayo maneno mawili. La kwanza ni jibu. La pili ni foleni.

Tuseme kidogo kuhusu huo uvimbe wa mpakani, maana watu wakisikia "hauna uhakika" wanadhani daktari amebabaisha. Hajababaisha. Daktari wa Marekani, Howard Taylor, alieleza kundi hili tangu mwaka 1929, na miaka ya mwanzoni ya 1970 ndipo likakubaliwa kimataifa kama kundi linalojitegemea. Chembe zake zinazaana kupita kawaida na kurundikana, viini vyake vimeanza kubadilika, lakini hazijapenya kwenye nyama ya chini yake. Mtaalamu mmoja aliwahi kunieleza hivi: mwizi amepanda ukuta, ameketi juu, hajarukia uani. Humwiti mgeni, lakini polisi hawawezi kumfungulia kesi ya kuvunja nyumba. Wanawake wengi wanaougundua mapema, ukiwa bado kwenye ovari, wanaendelea na maisha: zaidi ya 95 kati ya 100 huwa hai miaka mitano baadaye. Mara nyingi tiba ni upasuaji bila dawa za kansa, na msichana anayetaka watoto anaweza kuachiwa kizazi na ovari ya pili. Ila unaweza kurudi baada ya miaka mingi, kwa hiyo kliniki haikwepeki.

Sasa mtazame yule dada. Ule msimbo, kwake, ni wa kweli, na unamlinda. Unasema: usimpe dawa kali bila sababu, wala usimwache apotee. Ukiuandika hovyo kwa kila mwenye picha ya ultrasaundi isiyoeleweka, umeuchuja mpaka hauna maana, na siku mtu akitaka kuhesabu wangapi hapa mjini wana uvimbe wa mpakani, atahesabu wangu wote wa alama ya kuuliza.

Hesabu za kansa zenyewe zinajua machungu haya. Kwenye uainishaji wa uvimbe, ICD-O, kila uvimbe hupewa mkia: 0 ni usio na madhara, 1 ni usio na uhakika, 3 ni saratani. Toleo la pili liliuweka uvimbe wa mpakani wa ovari kwenye 3. Toleo la tatu, mwaka 2000, likaushusha hadi 1. Kwa hiyo daftari la saratani linalohesabu 3 peke yake liliwapoteza wanawake hao wote kwa mkupuo bila hata mmoja wao kupona. Kalamu tu.

Upande wa pili ni mbaya zaidi, na huu naukasirikia kweli. Kuna wanaoona alama ya kuuliza wakaandika C56, saratani ya ovari, moja kwa moja, kwa sababu kipimo cha damu cha CA-125 kimepanda. Kipimo hicho hupanda kwa mambo mengi: uvimbe wa kawaida wa kizazi, endometriosisi, hata hedhi yenyewe. Kifua kikuu cha tumboni hukipandisha pia, kikajaza maji tumbo, kikafanana na kansa ya ovari kama pacha, na hapa kwetu TB si mgeni. Mwanamke akishaandikiwa C56 neno linalofuata ni Ocean Road, hospitali yetu ya saratani, na mjini hapa mtu akitajiwa Ocean Road ndugu wanaanza kupigiana simu za mchango. Hata jibu likija la heri, D27, uvimbe usio na madhara, ile C56 inabaki kwenye kumbukumbu za bima yake. Sijawahi kuona mtu wa bima akipiga simu kuifuta.

Mtaniambia, wewe mwenye misimbo si uandike sahihi? Misimbo ipo. R19.0 ni uvimbe wa tumbo au nyonga, haidai kujua kitu. N83.2 inafaa kama ultrasaundi imesema ni sisti, yaani kifuko cha majimaji kwenye ovari. Msimamo wangu ni huu: mpaka jibu la kinyama lirudi, tuandike hizo, na D39.1 tuiweke kwa ajili ya yule ambaye mtaalamu wa patholojia amesema kwa maandishi kwamba yuko mpakani. Kitabu kinaturuhusu kufanya vingine, najua. Kuruhusiwa na kufanya vyema ni mambo mawili.

Tatizo ni pesa. Madai yetu yanafungwa mwisho wa mwezi, na majibu ya kinyama hayaijui kalenda hiyo. Ukipeleka R19.0 na gharama za operesheni kubwa, mtu wa bima anaona "uvimbe tumboni" na bili nene, anakata. Ukipeleka D39.1, anapitisha. Nani atamlaumu karani aliyeagizwa madai yake yasikatwe? Bima ndizo zinazotufundisha kusema uongo mdogo, kisha mwaka ukiisha zinalalamika takwimu zetu hazieleweki. Wangekubali R19.0 ikiwa na ripoti ya ultrasaundi imebanwa nyuma, pamoja na nafasi ya kurekebisha msimbo jibu likirudi, nusu ya udanganyifu huu ungekwisha bila semina.

Na madaktari wetu, kwa heshima zote, tuleteeni jibu. Linafika kwa daktari, linaingia kwenye faili, dirisha la bima halilioni. Nimewahi kusikia jibu la mgonjwa kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, tumesimama kituo cha mwendokasi.

Yule mama nilimweleza kwa ile silabi moja: "Mama, haijajulikana. Bado hawajaangalia." Akairudia polepole, haijajulikana, kisha akaniuliza kwa nini basi nisingeandika hivyo. Nilichukua fomu yake, nikakata D39.1 kwa mstari mmoja, nikaandika R19.0 na sahihi yangu pembeni. Wiki tatu baadaye fomu ilirudi kutoka bima ikiwa na mhuri mwekundu: msimbo umebadilishwa, toa maelezo. Nimeandika kurasa mbili. Bado hawajajibu.