Shugezi ya Kijapani: Sauti Inaposikika Wazi, Ndoto Inabaki?

Kwa miaka mingi wapenzi wa shugezi, ile roki ya gitaa zenye kelele nzito, wamekuwa wakibishana kuhusu Japani. Muziki wenyewe ulizaliwa Uingereza na Ireland mwishoni mwa miaka ya 1980, ukapewa jina la dhihaka na waandishi wa magazeti waliowaona wapiga gitaa wakiinamisha vichwa muda wote jukwaani, macho kwenye viatu, kwa sababu hapo chini ndipo zilipokuwa pedali za kubadilishia sauti. Wajapani waliupokea mapema na hawajauacha, hata katika ile miaka ambayo Waingereza wenyewe waliuona umepitwa na wakati. Ubishi unahusu kile walichoufanyia. Wapo wanaosema kwamba shugezi ya Kijapani ni safi mno: gitaa zinanguruma, ndiyo, lakini juu yake yupo mwimbaji anayesikika neno kwa neno, pamoja na kiitikio ambacho mtu anaweza kukiimba akioga, hivyo kilichobaki ni pop iliyovishwa kelele. Wengine hujibu kwamba hapo hasa ndipo Wajapani walipoongeza kitu ambacho hakikuwapo. Pande zote mbili zina hoja, ingawa kwa maoni yangu hoja hizo hazina uzito sawa.

Kipimo kinachotumiwa na wakosoaji ni kimoja tu, albamu ya Loveless ya bendi ya My Bloody Valentine, iliyotoka Novemba 1991. Humo Kevin Shields, mpiga gitaa wa bendi hiyo, alipiga gitaa huku ameushika wenzo unaolegeza na kukaza nyuzi, kwa hiyo kila noti huyumba kidogo juu na chini, na sikio halipati mahali pa kutulia. Mwimbaji mwenzake, Bilinda Butcher, ameeleza kwamba mara nyingi aliamshwa usingizini ili arekodi sauti yake. Sauti hiyo ilirekodiwa mara nyingi, tabaka juu ya tabaka, kisha ikawekwa ndani ya gitaa badala ya juu yake, na maneno mengi hayashikiki hata baada ya kusikilizwa mara kumi. Kwa wanaoshikilia kipimo hiki, ndoto ya shugezi hutokana na kutojulikana huko: msikilizaji anahisi kwamba kuna mtu anasema naye jambo la siri, lakini halifikii. Akisikika wazi, siri imekwisha. Ni hoja nzito, na anayeitetea Japani hana budi kuijibu badala ya kuipita pembeni.

Kabla ya hapo kuna shutuma nyepesi zaidi, ile ya kwamba Wajapani ni waigaji tu. Ushahidi unaoletwa si mgumu kuupata. Mwaka 2013 wasanii wa Japani walitoa albamu nzima ya kuienzi Loveless, na miongoni mwa walioshiriki ni bendi iliyojiita waziwazi Tokyo Shoegazer. Heshima ya kiwango hicho inaweza kuonekana kama ibada. Hata hivyo shutuma hii inasahau kelele yenyewe ilikotoka. Bendi ya The Jesus and Mary Chain ya Scotland, ambayo albamu yake ya 1985 iliwafungulia wengi njia, ilipata ule mkwaruzo wake mkali kutoka kwenye pedali ya bei nafuu iliyotengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Shin-ei. Mwangwi wa kinyumenyume unaosikika kwa Shields, ambao humfanya mtu adhani sauti inarudi kabla haijatoka, ulitoka kwa sehemu kwenye mtambo wa Yamaha uitwao SPX90. Tena Japani ilikuwa na mababu zake wa kelele: Les Rallizes Dénudés, bendi iliyoundwa Kyoto mwaka 1967, ilikuwa ikizungusha mstari mmoja wa besi kwa dakika nyingi huku gitaa la Takashi Mizutani likipiga mayowe ya spika juu yake, miaka mingi kabla ya bendi yoyote ya London kuinamia viatu vyake. Siwezi kuthibitisha kwamba kila kijana wa Tokyo wa miaka ya 1990 aliwasikiliza watu hao. Lakini kusema kwamba kelele ya gitaa ilifika Japani kwa meli kutoka Uingereza ni kugeuza historia kichwa chini.

Kwa hiyo swali la maana ni lile la sauti ya mwimbaji, na hapa inafaa kuangalia kwanza mazingira ya kazi kuliko falsafa. Bendi changa ya Tokyo haifanyi mazoezi nyumbani, kwa kuwa nyumba zimebanana na kuta ni nyembamba. Hukodi studio kwa saa, na ikitaka kupiga mbele ya watu huenda kwenye kumbi ndogo, mara nyingi za chini ya ardhi, katika mitaa kama Shimokitazawa. Kumbi nyingi kati ya hizo huipa bendi idadi ya tiketi za kuuza, na zisipouzwa wanamuziki hulipa upungufu kutoka mifukoni mwao. Jambo linalogusa sauti moja kwa moja ni kwamba studio na kumbi hizo huwa na ampu zake tayari, yaani vikuza sauti vya gitaa, na karibu kila mahali mojawapo ni Roland JC-120, chombo kilichotengenezwa tangu 1975 kinachosifika kwa sauti safi, inayong'aa na yenye mtetemo mpana. Mpiga gitaa huja kwa treni akiwa na gitaa mgongoni na sanduku la pedali mkononi, anachomeka, anapiga. Mkwaruzo wake wote umo ndani ya pedali, na ampu inaupokea bila kuulainisha. Nadhani hii ni sababu mojawapo ya kelele ya Kijapani kuwa na makali ya kioo, yenye mng'ao wa juu na nafasi katikati, tofauti na ule ukungu mzito wa ampu za Kiingereza zilizosukumwa hadi mwisho. Katika nafasi hiyo ya katikati mwimbaji anaweza kusimama bila kusukumwa nje.

Lugha nayo ina mchango wake. Kijapani, kama Kiswahili, hupenda silabi zinazoishia kwa irabu, na katika uimbaji mara nyingi kila silabi hupewa noti yake. Konsonanti ndizo za kwanza kumezwa na mkwaruzo wa gitaa, kwa sababu zina nguvu kidogo na hukaa kwenye masafa yaleyale ya juu ambayo gitaa limeyajaza; irabu ina nguvu, na inaweza kuvutwa. Mwimbaji wa Kijapani anapata basi mstari unaoelea juu ya kelele hata akiimba kwa pumzi ndogo. Hoja hii isivutwe mno, maana irabu tano peke yake hazimwambii mtu neno limekuwa lipi, na wapo Wajapani wanaokiri kwamba hawashiki mashairi ya bendi wanazozipenda. Lakini melodi inashikika, na melodi ndiyo iliyokuwa ikizungumziwa tangu mwanzo.

Angalia bendi ya Supercar. Vijana wanne wa mkoa wa Aomori, kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Honshu, walitoa albamu yao ya kwanza, Three Out Change, mwaka 1998. Koji Nakamura anaimba kama mtu asiyetaka kusumbua jirani, Miki Furukawa anamjibu kwa sauti iliyo baridi vilevile, na gitaa mbili zinawaka nyuma yao bila kupumzika. Mashairi yaliandikwa na Junji Ishiwatari, mpiga gitaa ambaye baada ya bendi kuvunjika mwaka 2005 aliendelea kuwaandikia waimbaji wa pop. Bendi iliyompa mtu kazi maalumu ya maneno haikukusudia maneno yapotee. Na bado ndoto ipo. Haitoki kwenye kutosikika, inatoka kwenye umbali kati ya sauti isiyo na haraka na gitaa zenye haraka kupita kiasi. Mtu anasimulia ujana wake kwa utulivu huku kila kitu nyuma yake kikiungua. Hapo mkosoaji anayesema kwamba uwazi huua ndoto ameshajibiwa, walau mara moja.

Mfano wenye nguvu zaidi ni Kinoko Teikoku, kwa sababu bendi hii moja inazipa ushahidi pande zote mbili. Katika albamu yao ya Eureka ya mwaka 2013 kuna wimbo uliochukua jina la diwani ya mshairi Kenji Miyazawa ya mwaka 1924, na ndani yake Chiaki Sato anaimba hasira kwa uwazi ambao bendi za Kiingereza za 1991 wasingethubutu. Gitaa hapo zina kazi: zinanyamaza ili asikike, kisha zinamwangukia. Msikilizaji anajua nini kinafunikwa, na kufunikwa huko kunauma zaidi kuliko kama asingejua. Baada ya miaka miwili hivi bendi ilihamia kampuni kubwa ya muziki, na katika albamu ya Neko to Allergy ya 2015 gitaa zimerudishwa nyuma, sauti imeletwa mbele, kila kitu kimefutwa vumbi. Nyimbo ni nzuri. Sitaki kumkana mtu anayezipenda. Ila kelele iliyobaki ni ya mapambo, ukiiondoa wimbo unabaki vilevile. Hiki ndicho wakosoaji wanachokilalamikia, na hapa wana haki.

Wanakosea tu wanapodhani kwamba tatizo ni melodi au mwimbaji wa kusikika. Tatizo ni pale kelele inapokosa cha kupingana nacho. Shutuma hiyohiyo hutupwa kwa For Tracy Hyde, bendi ya Tokyo iliyodumu kuanzia 2012 hadi 2023, na kwao naiona ni ya nusu tu, maana utamu wao wa pop ni wa makusudi na gitaa zao hazijifichi. Cha ajabu zaidi ni vikundi vya wasichana waimbaji na wachezaji, kama RAY kilichoanza mwaka 2019, ambavyo hucheza kwa mpangilio kamili mbele ya ukuta wa shugezi. Mtu aliyelelewa na Loveless ataona ni kejeli. Lakini njia hiyo ilikwisha kukanyagwa na watu wa ndani: Narasaki wa Coaltar of the Deepers, bendi iliyokuwa ikichanganya shugezi na metali tangu miaka ya 1990, aliwatungia nyimbo Momoiro Clover Z, kundi jingine la wasichana la namna hiyo. Kelele iliyopo kwenye nyimbo za namna hii wakati mwingine ni ya kweli kuliko ile ya bendi zinazojiona halisi, kwa kuwa angalau inagombana na kitu: tabasamu lililofanyiwa mazoezi.

Limebaki suala la ukubwa wa sauti wenyewe, ambalo wabishi wengi hulipita haraka. Shugezi ilitungwa ili isikilizwe kwa mwili. My Bloody Valentine, waliopiga Japani katika tamasha la Fuji Rock mwaka 2008, hugawa viziba masikio kwenye maonyesho yao, kwa sababu kipo kipande cha kelele tupu wanachoweza kukivuta kwa zaidi ya dakika kumi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba wastani wa sauti kumbini usizidi desibeli 100, na ukumbi wa chini ya ardhi wenye gitaa tatu hufika hapo bila jitihada. Anayesema kwamba shugezi ya Kijapani ni laini mara nyingi ameisikia kwenye simu, katika rekodi iliyobanwa hadi sehemu ya kimya na sehemu ya mlipuko zikawa na kimo kimoja. Lawama hiyo ni ya mafundi wa studio zaidi kuliko ya watunzi, na rekodi nyingi za pop za Japani zina kasoro hiyohiyo. Anayetaka kuamua kama Wajapani wameutia maji muziki huu, basi, asiamue kwa spika ndogo za masikioni. Aanze na zile nyimbo za 2013 ambazo Sato anaachwa peke yake kwa mistari michache, spika kubwa zikiwa wazi, kabla gitaa hazijarudi.