Skana Haina Mgongo

Naomba nianze na hesabu, maana wakubwa wetu ghalani wanapenda hesabu kuliko wanavyotupenda sisi wapakiaji wa mizigo. Boksi la pamba: moja. Boksi la nondo: moja. Bahasha yenye karatasi mbili ndani: moja. Tairi la lori linalovingirika kwa hiari yake: moja. Kila kimoja ukikipitisha kwenye skana, ile mashine ya kusoma msimbo wa mzigo, inalia tiit, na kwenye kioo cha kompyuta ya meneja namba inapanda kwa moja. Kwa hiyo yupo mwenzangu anayemaliza zamu shati limenyooka, anaongoza jedwali, nami niliyepigana mieleka na mashine ya kufulia nguo naandikiwa "kasi hairidhishi".

Kasi hairidhishi! Ningependa kumjua huyo asiyeridhika nimkabidhi mashine yenyewe, ashike upande wa chini.

Sasa sisi ni makuli, lakini hatukuzaliwa jana. Tumeshaielewa hiyo hesabu. Mkanda unaotuletea mizigo ukianza kuleta bahasha, watu wanasogea mbele kwa adabu zote: "Pumzika ndugu yangu, hii niachie mimi." Upendo mtupu. Likitokea boksi refu lenye umbo la jeneza, limefungwa kwa mikanda ya plastiki, ghafla huyu anafunga kamba za viatu, yule betri ya skana imekwisha, wa tatu ameitwa na mtu asiyeonekana. Boksi linapita taratibu mbele ya watu wazima wanaotazama dari, linakwenda kukwama mwisho wa mkanda, na ghala zima linasimama. Hapo meneja ndipo anapotokea: "Jamani, ushirikiano uko wapi?" Ushirikiano, mkuu, umeuua mwenyewe kwa lile jedwali ulilobandika, majina yetu yamepangwa kuanzia shujaa hadi mzembe.

Tuje kwenye mkutano wa usalama. Kabla ya zamu tunapangwa mstari na vizibao vyetu vinavyong'aa, msimamizi anasoma karatasi: kunja magoti, nyoosha mgongo, mzigo ukae karibu na mwili, usijipinde kiuno. Maneno mazuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba karatasi ikishaingia tu mfukoni, mdomo ule ule uliokuwa unatubembeleza unapiga kelele: "Haya twende, twende, tumeshachelewa!" Tumechelewa kwa sababu ya mkutano wa kutuambia tusiwe na papara.

Na ukutani ipo picha ya jamaa anayetabasamu huku amebeba boksi. Yule simwamini. Kwanza boksi lake lina vishikio. Pili hatoki jasho. Tatu, nyuma yake hakuna mtu aliyesimama na saa.

Wataalamu wa taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, waliitengeneza upya kanuni yao ya kunyanyua mizigo mwaka 1991, na hesabu yake inaanzia kilo 23. Lakini subiri kwanza. Hizo kilo 23 ni pale kila kitu kinapokuwa kimekaa mahali pake: mzigo hauko chini wala juu, umekaribia tumbo, hujageuka upande, boksi lina pa kushika, na hunyanyui mara kwa mara. Kila kimoja kikikosekana, unapunguza. Boksi liko sakafuni, punguza. Linapelekwa juu ya kichwa, punguza. Umejipinda kwa sababu trela ni jembamba na mwenzako amekuwekea kiwiko mbavuni, punguza. Umefanya hivyo tangu zamu ianze bila kupumua, punguza tena. Tulikaa na rafiki yangu mmoja anayejua hesabu tukapunguza, tukapunguza, tukafikia kwamba kwa hali ya trela letu, kitaalamu kabisa, tunachoruhusiwa kubeba ni bahasha.

Shirika la Kazi Duniani nalo mwaka 1967 lilipitisha mkataba namba 127, kwamba mfanyakazi asibebeshwe mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kuhatarisha afya au usalama wake. Nikasema alhamdulillahi, tumekumbukwa. Kilo ngapi sasa? Mkataba kimya. Kilo zikatajwa kwenye pendekezo lililofuatana nao: 55 kwa mwanamume mtu mzima. Jamani, kilo 55 si mzigo, huyo ni mtu, tena mtu mwenye maoni yake!

Halafu kuna ukuta. Asiyewahi kuingia trelani anadhani tunatupia tu vitu ndani na kufunga mlango. Hapana. Mizigo inapangwa kama fundi anavyopanga matofali: mizito chini, myepesi juu, mstari wa juu ukalie maungio ya mstari wa chini, pembe zishikane, hadi darini pasibaki pengo. Ukiacha pengo, dereva akikata kona ukuta unalala, na anayefungua mlango huko mwisho wa safari anapokea kila kitu kifuani. Na likiwa gari dogo la kusambaza, kile kitakachoshuka kwanza ndicho kinachopakiwa mwisho. Kazi hii ina akili yake, hata kama wanaoifanya wanaitwa "wewe hapo, njoo".

Shida ni kwamba mkanda haujasoma somo la ukuta. Unatanguliza vikombe vya kioo. Inafuata mito ya kulalia. Kisha taa. Umeshapanga, ukuta umefika kidevuni, unajisifu, hapo ndipo linakuja jiko la chuma. Utaliweka wapi? Unaliweka juu, unamwomba Mungu. Meneja anachungulia.

"Mbona kizito kiko juu?"

"Kimekuja mwisho, mkuu."

"Si ungesubiri vizito kwanza ndipo uanze kupanga?"

Sawa. Siku inayofuata nasubiri vizito. Nimeweka vikombe pembeni, nimesimama kwa utulivu wa mtu anayefuata maagizo. Meneja yule yule, kichwa kile kile mlangoni.

"Mbona umesimama?"

Unaweza kulia mbele ya mtu kama huyo, ila machozi nayo hayaingii kwenye skana.

Wala msidhani ugonjwa huu wa kutuhesabia umeletwa na kompyuta. Kulikuwa na bwana mkubwa mmoja Mmarekani, Frederick Taylor, ambaye mwaka 1899 alikuwa kwenye kiwanda cha chuma cha Bethlehem, Pennsylvania. Makuli wa pale walikuwa wakipakia vipande vya chuma ghafi kwenye mabehewa, kila kipande kama kilo 42. Kwa maelezo ya Taylor mwenyewe, mtu mmoja alikuwa akipakia tani 12 na nusu kwa siku. Akamteua jamaa mmoja, katika simulizi yake akamwita Schmidt, ingawa jina lake hasa lilikuwa Henry Noll. Akamwekea mtu wa kumsimamia na saa mkononi: akiambiwa inua, anainua, akiambiwa keti, anaketi. Jamaa akafikisha tani 47 na nusu. Malipo yake ya siku yakatoka dola 1.15 hadi dola 1.85. Shika penseli hapo. Mzigo umekaribia mara nne, malipo hata mara mbili hayakugusa. Wanahistoria waliokuja baadaye wameitilia shaka simulizi ile, wanaona bwana mkubwa aliikoleza chumvi. Mabosi hawana shaka nayo hata chembe.

Lakini sikilizeni hili ambalo halibandikwi ukutani. Taylor huyo huyo aliandika kwamba kwa vipande vya uzito ule, kuli anaweza kuwa na mzigo mikononi kwa asilimia 43 tu ya siku. Asilimia 57 inayobaki awe mikono mitupu, misuli ipate kurudi. Haya si maneno ya chama cha wafanyakazi, ni ya baba wa saa mwenyewe! Sasa nauliza. Saa tumerithishwa. Kelele tumerithishwa. Mtu wa kusimama nyuma yetu tumerithishwa, tena siku hizi wapo wawili na kamera. Ile asilimia 57 ilishushwa kituo gani? Nani aliisainia?

Nilimweleza msimamizi habari hizi tukiwa mlangoni mwa trela. Akanisikiliza vizuri, akatikisa kichwa, akaandika kitu kwenye simu yake. Nikafikiri anapeleka hoja juu. Kwenye tathmini nikakutana nayo: "Anaongea wakati wa kazi."

Na choo je? Skana ikikaa kimya kidogo, kioo cha meneja kinageuka rangi. Ukirudi unamkuta amesimama mahali pako, mikono kiunoni.

"Ulikuwa wapi?"

"Chooni, mkuu."

"Muda wote huo?"

"Choo kiko upande wa pili wa ghala, mkuu. Aliyechora ramani siyo mimi."

Kule California ilibidi itungwe sheria kabisa, mwaka 2021, ikaanza kutumika Januari 2022. Inasema mwenye ghala kubwa amweleze mfanyakazi kwa maandishi anatakiwa apitishe vitu vingapi, na kiwango hicho kisimnyime mapumziko wala kwenda chooni, na muda wa kutembea hadi chooni na kurudi nao umo. Hebu fikiria, waheshimiwa wenye tai wameketi, wamenyoosha mikono, wamepitisha haja ndogo ya mpakiaji. Sicheki. Aliyetia ile sehemu ya kutembea lazima alishawahi kufanya kazi ghalani, au ana kibofu kinachofanana na changu.

Meneja namhurumia, tusisemane uongo. Ana redio kiunoni inayomtukana tangu asubuhi, na huko juu yupo mwenye kioo kikubwa zaidi anayemwona yeye kama namba. Wengine walianza trelani kama sisi. Ila wakishavaa kile kizibao cha rangi nyingine, migongo yao inasahau haraka, na lugha inabadilika. Jana alikuwa anasema "mgongo unaniua", leo anasema "tuna changamoto ya mtiririko". Mtiririko gani, kaka? Tulikuwa tunalalamika pamoja!

Siku moja tulizidiwa mpaka akaingia mwenyewe kusaidia. Tukampisha. Akavaa glovu mpya, akapiga makofi mawili, akasema tazameni inavyofanywa. Mkanda ukaleta gunia, ukaleta tairi, ukaleta kabati lililofunguliwa vipande. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Ikaja bahasha. Akaidaka. Nakwambia aliidaka kwa ustadi ambao sijauona kwa kuli yeyote, akaipitisha kwenye skana, tiit, na redio ikamwita bahati nzuri saa ile ile. Glovu aliziacha. Ni nzuri, ninazo mimi.

Basi tukaambiwa tuache manung'uniko, lipo sanduku la maoni. Tukaandika kwa pamoja, kwa heshima, kwa mwandiko wa yule anayejua hesabu: tunaomba mizigo mizito ihesabiwe kwa uzito, au angalau boksi moja la vyuma lihesabiwe sawa na bahasha tatu. Hatukusema kumi. Tulikuwa waungwana.

Majibu yakaja, na yalikuja haraka, hilo nalisifu. Uongozi umesikia kilio chetu. Kuanzia sasa, kila boksi zito litabandikwa karatasi nyekundu yenye maandishi MZIGO MZITO, CHUKUA TAHADHARI. Zikaletwa karatasi, rundo zima. Atabandika nani? Mpakiaji. Saa ngapi? Kabla ya kunyanyua. Na kubandika kunahesabiwa? Hakuhesabiwi, kwa kuwa karatasi haina msimbo wa kusomwa na skana. Atajuaje kuwa boksi ni zito? Alinyanyue kidogo aone.

Kwa hiyo siku hizi nalinyanyua kidogo, nalirudisha chini, natafuta karatasi, nabandika, nasoma onyo langu mwenyewe, nachukua tahadhari, ndipo nalinyanyua lote. Kasi imeshuka tena. Na gundi yenyewe ni mbovu: boksi likigusa mengine, karatasi inabanduka na kuganda kwenye kizibao changu. Juzi nimezunguka ghala zima nimeandikwa MZIGO MZITO kifuani, watu wananipisha, na meneja akaniita ofisini kuniuliza kama ule ni mgomo.