Kigoma Hatuna Vita vya Mbali

Machi 2022 mafuta ya alizeti yaliadimika hapa Ujerumani ninapoishi. Madukani palibandikwa matangazo ya kumpunguzia kila mteja idadi ya chupa. Wenzangu kazini waliduwaa: vita viko Ukraine, vimefikaje jikoni kwetu? Dada yangu, anayeuza mawese sokoni Mwanga, Kigoma, hakuduwaa dumu lilipopanda bei. Aliniuliza tu vita vitaisha lini.

Sisi wa Kigoma hatujawahi kupata nafasi ya kudhani kuna vita visivyotuhusu. Chukua meli ya Liemba, ambayo wengi tumeipanda. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa reli hadi kwetu, ikashushwa ziwani 1915 na kufungwa mizinga ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili adui asiipate, na Wabelgiji wakaingia mjini. Waingereza wakaja kuiibua 1924.

Linaloniuma zaidi ni la mkonge. Babu zetu Waha walikwenda manamba, yaani vibarua wa mashambani, Tanga kutafuta fedha ya kodi. Soko la hisa la New York likaanguka 1929, bei ya mkonge ikashuka zaidi ya nusu katika miaka michache, mashamba yakapunguza watu na mishahara. Kodi ikabaki palepale. Kisha 1942 Japani ikateka Ufilipino na visiwa vya Indonesia, kulikokuwa kukitoka nyuzi za kamba. Mkonge wa Tanganyika ukatafutwa kwa udi na uvumba, na serikali ya kikoloni ikawa inachukua watu kwa lazima kwenda mashambani. Aliyechukuliwa hakujua Manila, mji mkuu wa Ufilipino, iko wapi, lakini kutekwa kwa Manila ndiko kulikomtoa kwake.

Tofauti ninayoiona ni nani anabeba mzigo. Bei ya gesi ilipopaa hapa Ujerumani, serikali ilizibebea kaya malipo ya Desemba 2022. Kabla ya hapo, Juni hadi Agosti, tulipanda treni na mabasi ya mikoa kwa euro 9 tu kwa mwezi. Nyumbani nako ilitolewa ruzuku ya petroli na dizeli, shilingi bilioni 100 mwezi Juni, na ilisaidia. Ila mvuvi wa dagaa pale Kibirizi petroli ya injini ikimshinda, anapiga simu kwa ndugu. Ndugu ndio akiba yake, na wengi wetu huku tumepigiwa.

Ujerumani imepokea Waukraine zaidi ya milioni moja na kuwaruhusu kufanya kazi mara moja. Naisifu kwa moyo wote. Lakini katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani kwetu, kuna Wakongo tangu 1996, watoto wamezaliwa humo na kukua humo, na kutoka nje ya kambi ni kwa kibali. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likawapunguzia mgao kwa kukosa fedha. Siwezi kulitaja hilo kwa sauti ya kawaida: chakula kimepungua kwa watu waliokwisha kukimbia vita vyao wenyewe, nao hawana ruhusa ya kwenda kutafuta kibarua.