Anayeelewa "Juma anamdai Asha" anaweza asielewe "Asha anamdai Juma"?

Juzi kijiwe cha bajaji pale Kabwe, Mbeya, jamaa kaniuliza hizi programu zinazoandika kama mtu, zinaelewa au zinakariri tu, nikamwambia huo ubishi ni wa siku nyingi. Mwaka 1988 mwanafalsafa Jerry Fodor na mtafiti wa akili Zenon Pylyshyn walisema akili ya mtu ina mpangilio: humpati mtu anaelewa "Juma anamdai Asha" afu ashindwe "Asha anamdai Juma", kwa sababu fikra imeundwa kwa vipande na kanuni za kuviunga. Mtandao wa neva wa kompyuta, yani programu inayojifunza kwa mifano kama hizo alizoniuliza jamaa, wakasema, unaweza ukajifunza moja nyingine usiijue kabisa, kwa iyo hauelezi kwa nini sisi wote tuko hivo.

Mi hiyo naikubali sana. Nenda Mwanjelwa, dogo aliyeanza jana kuuza viazi ukimwambia mama wa ndizi anamdai bosi wako anaingiza mkono kwenye hela, ukigeuza kwamba bosi ndo anamdai mama wa ndizi anaondoka kwenda kudai, na hiyo sentensi hajafundishwa na mtu.

Wapinzani wa kina Fodor wanasema mbona lugha yenyewe haijanyooka, tunasema mchana kutwa na usiku kucha, sema usiku kutwa uone. Kiti kirefu sawa, kijana kirefu hapana. Juma kamuoa Asha poa, ila Asha kamuoa Juma huku kwetu watakurekebisha fasta, kaolewa! Lakini wanaokurekebisha si wamekuelewa? Kwa iyo hapo kilichogoma ni mazoea ya lugha, fikra imepita vizuri tu.

Pagumu ni kwenye mashine. 2018 watafiti Brenden Lake na Marco Baroni waliupima mtandao uliokuwa unajua "ruka" na unajua "tembea mara mbili", walipouambia "ruka mara mbili" ukachemka, ushindi kwa Fodor. Afu 2023 haohao wakaja na mtandao mwingine uliopewa mazoezi ambayo maana za maneno zinabadilishwa kila mara, huo ukakaribiana kabisa na watu. Yani mpangilio unaweza ukajifunzwa bila kuwekewa kanuni tangu mwanzo, na hapo naona kina Fodor walibana mno.

Ila bado kuna kitu hakijanikaa sawa. Ule mtandao ulipewa mazoezi kibao ya makusudi, sasa mtoto wa Tukuyu aliyekua na Kinyakyusa nyumbani Kiswahili akakikuta shuleni, anageuza sentensi za lugha zote mbili bila shida, yeye nani alimkalisha chini akampa hayo mazoezi?